Jirani Aliyenyunyizia Ukuta Wangu Maji

Laiti ningemkatalia binamu yangu Gervasi siku ile pale kwenye banda lake sokoni Kasulu, nikamwambia, "Hapana bwana, mimi nakwenda kumuuliza mwenyewe," leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, na ningeshukuru sana kukosa kisa. Sikumkatalia. Niliitikia kwa kichwa, nikamalizia chai yake, nikakubali, na kwa kukubali kule nikajiaibisha mbele ya kitongoji kizima, shati nimelivaa nje ndani, usoni nimejipaka majivu, mifukoni nimejaza chumvi, mimi niliyemaliza kidato cha nne enzi ambazo watu wa kidato cha nne tulikuwa tunahesabika. (Wanaotaka kucheka wacheke sasa, maana mbele huko kicheko kinapungua.)

Mambo yenyewe yalianza na lipu. Nyumba yangu iko kando ya barabara ya kwenda Kibondo, ukishatoka Kasulu mwendo wa pikipiki usiochosha. Ni ya tofali za kuchoma, niliijenga nikiwa bado karani wa ghala la kahawa, na kwa miaka yote hiyo ilikaa hivyo hivyo, tofali nje, nyekundu, na vumbi la barabara likiizidishia wekundu. Haikuwa na kosa lolote. Lakini miaka hii watu wamechangamka, kila unapopita unamkuta fundi juu ya jukwaa, nyumba zinapigwa saruji kwa nje, zinalainishwa, zinachorwa mistari kama vile zimejengwa kwa mawe ya kuchonga, kisha zinamaliziwa kwa chokaa na saruji nyeupe mpaka zinang'aa, na yangu pale katikati ikabaki kama mtu aliyekuja harusini na nguo za shamba. Wanangu wakachanga, tukamleta fundi Shabani kutoka mjini.

Sasa niwaambie jambo moja kuhusu mimi, ili msije mkashangaa huko mbele. Ghala liliniharibu. Ukikaa miaka unapokea magunia ya kahawa ambayo watu wameficha mawe ndani yake ili mzani uelemee upande wao, unafika mahali hata ukipewa salamu unaipapasa kwanza kuona kama kuna jiwe. Kwa hiyo fundi Shabani alipoanza kazi, mimi nilitoa kiti nikakaa mbele yake kutwa nzima. Akichekecha mchanga, nauchukua nausugua viganjani. Akichanganya, natazama mkono. Kabla ya kupaka alikuwa anaurushia ukuta maji, nikamuuliza anaosha nini, akasema tofali kavu linanyonya, nikasema moyoni, haya, endelea kuniona mjinga. Mifuko mitupu ya saruji niliikusanya nikaificha chini ya kitanda, asije akaijaza mchanga akaniambia ni saruji.

"Baba Yustina," mke wangu akaniuliza, "kwa hiyo sasa tunalala na mifuko?"

"Ni kwa muda tu."

"Na vumbi lake je?"

Sikumjibu. Mlinzi hajibu kila swali.

Shabani akamaliza, na nitakuwa mwongo nikisema kazi ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri mno, na uzuri ule nao ukanitia shaka. Akawa anaosha mwiko wake na pima maji yake, akaniambia, "Mzee, kazi imeisha, ila limebaki jambo moja la maji..."

"Maji ya kunywa yapo jikoni, ya kuoga yapo bombani," nikamkata. "Kazi imekwisha, chako umepata, safari njema."

Mimi sentensi ya "limebaki jambo moja" naifahamu tangu ghalani, huwa inaisha na mkono ulionyooshwa. Shabani akanitazama, akacheka kidogo, akaenda uani alikokuwa Mama Yustina, wakazungumza hapo kwa muda, kisha akapanda pikipiki akaenda zake Kibondo, alikokuwa na kazi nyingine. Nikamwambia mke wangu, "Yule fundi, hata angekuwa amekwambia nini, sitaki kulisikia neno lake humu ndani."

"Haya," akasema. (Mama Yustina akisema "haya" fupi namna ile, mtu mwenye akili huuliza. Mimi niliwasha redio.)

Kesho yake akaondoka kwenda Muyama kumwuguza dada yake, nikabaki peke yangu na nyumba yangu mpya.

Hapa ndipo anapoingia Nikodemu. Nikodemu ni jirani yangu, au niseme alikuwa, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu. Wazazi wake walimleta kutoka Burundi akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia huku, akaoa huku, na baada ya miaka mingi akapata uraia. Alikuwa na ng'ombe wawili, akiuza maziwa kitongoji kizima, na wanangu wote wamekua kwa maziwa yale. Mimi aliniita "mwene wachu", ambayo kwetu ni sawa na kumwambia mtu kuwa wewe ni wa nyumbani. Siku aliyopata karatasi zake za uraia alianzia kwangu, na mtungi wa juisi ya ndizi, tukanywa, nikamwambia, "Nikodemu, sasa hakuna atakayekuuliza tena umetoka wapi." Nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki.

Basi. Ilikuwa kiangazi, mvua imesahaulika, hata migomba imekunja majani. Jioni moja narudi kijiweni tunakochezea bao, nafika nyumbani naona ukuta wangu umelowa, na haukulowa mahali pamoja, umelowa wote kuanzia kwenye msingi mpaka usawa wa mtu mrefu, pande tatu za nyumba. Mbingu haina hata wingu. Nikasogea. Kandokando ya msingi kuna nyayo za mtu pekupeku, na jani moja la mkaratusi limenata ukutani kama muhuri. Mtu mwingine angejiuliza maji yale yametoka wapi. Mimi nilijiuliza ni maji ya nini.

Alfajiri nikasikia sauti nje: fya, fya, fya. Nikaamka taratibu, nikainua pazia la sebuleni ncha kidogo. Namwona Nikodemu. Hana viatu, suruali ameikunja mpaka magotini, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine fungu la majani ya mkaratusi. Anachovya majani, anarusha ukutani, fya, anasogea hatua, anachovya tena, na midomo inacheza. Ananong'ona! Anaizunguka nyumba yangu ukungu haujatoka, ananong'ona na kunyunyiza.

Dirisha lilikuwa pale, komeo liko pale pale mkononi. Nililotakiwa kufanya ni kufungua na kumwamkia kwa lugha ya kwetu, "Mwakeye, jirani, unafanya nini?" Badala yake niliteremsha pazia polepole kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Toka hapo sikuwa na amani. Niligundua kwamba anazunguka pande tatu tu. Akifika upande wa chumba changu cha kulala anasimama, anatazama dirisha, halafu anarudi zake kwake. Kila siku hivyo hivyo. Nikafanya hesabu yangu: anafunga pande tatu, upande ninaolala mimi anauacha wazi, yaani huo ndio mlango wa hicho kitakachoingia. Na kweli, siku chache baadaye ukuta wa upande ule ukaanza kutoa nyufa, nyembamba kama nywele, zinakutana, zinaachana, zinakutana tena. Pande zile nyingine hakuna hata moja. Nikasimama pale na miwani yangu nikizisoma, na nawaapia, nilikaribia kupata herufi.

Mchana tukikutana, Nikodemu ni yule yule. "Mwakeye, mwene wachu! Umelalaje?"

Nilikuwa namjibu nimelala salama, huku nikijiuliza kwa nini anataka sana kujua nimelalaje. Maziwa akileta nayapokea, nashukuru, akigeuka nampa mbwa. Mbwa akanenepa, manyoya yakang'aa. Nikasema bila shaka dawa ya watu haimshiki mbwa.

Hapo ndipo nilipokwenda Kasulu kwa Gervasi. Gervasi anauza spea za baiskeli, na ni mtu ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu tukiwa watoto. Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anazungusha pedeli kwa kidole.

"Umemuuliza?" akasema.

"Bado. Nafikiri nikirudi leo nimuulize."

"Wee! Usimuulize! Ukimuuliza leo, kesho anahamishia kwingine, na wewe unabaki mwongo. Watu wa namna hiyo hunaswa kazini, mbele ya mashahidi."

"Lakini ni Nikodemu, Gervasi. Nimekaa naye miaka yote hii."

"Ndio hao hao. Unajua huko alikotoka alikuwa anafanya nini?"

Alikotoka alikuwa ananyonya. Nilijua hivyo na ningeweza kusema hivyo. Nikanywa chai.

"Jumamosi alfajiri," Gervasi akaendelea, "mimi nitakuja, tutamwita mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa kanisa mmoja, basi, watu wachache wenye heshima. Tunakaa ndani kimya. Akianza, mimi napuliza filimbi, wewe unatoka unamshika. Ila usitoke hivi hivi. Shati uligeuze, la ndani liwe nje, dawa ikupotee. Usoni majivu. Chumvi mfukoni."

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Wewe unataka kinga au unataka historia?"

Alisema kwa uhakika ule ule wa mtu anayekuuzia mnyororo, nami nikanunua.

Jumamosi hiyo ni siku ya gulio, neno ambalo nilipaswa kulifikiria na sikulifikiria. Kabla hakujapambazuka walikuwa sebuleni kwangu: Mama Mwenyekiti, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, amejifunika blanketi kwa sababu ya mafua, mzee wa kanisa, aliyekuwa anasinzia, na Gervasi na filimbi yake ya refa shingoni. Mama Mwenyekiti akanimulika tochi.

"Mzee Laurenti, hayo majivu usoni ni ya nini?"

"Ni baridi, mama."

"Na shati?"

"Nilivaa gizani."

Akavuta kamasi. "Mimi nimeacha kitanda changu cha joto. Mzee, hakikisha hili jambo ni la kweli."

"Utajionea mwenyewe," nikasema.

Halafu tukaisikia. Fya, fya, fya. Gervasi akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote humo ndani, mzee wa kanisa akaruka akataja jina la Bwana, nami nikafungua mlango nikatoka mbio.

Jambo ambalo sikulipima ni kwamba udongo wa pale ukutani ulikuwa umelowa asubuhi na jioni siku zote zile. Udongo wetu huu mwekundu mnaufahamu. Hatua ya kwanza nilikanyaga, ya pili sikukanyaga kitu, nikaenda chini kwa mgongo, nikateleza nikipita chini ya dirisha la sebule, na sikusimama mpaka miguu yangu ilipogonga ndoo ya Nikodemu, ikapinduka, maji yote yakanimwagikia kifuani. Chumvi ikamwagika, majivu yakaanza kuchuruzika mpaka mdomoni.

Nikodemu akaruka nyuma na majani yake mkononi. "Yesu wangu! Mwene wachu, umeumia?"

Sikupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu migomba ilianza kutoa watu. Wale "wachache wenye heshima" wa Gervasi walikuwa sebuleni, lakini alikuwa ameshawaambia pia wateja wake wote, na hao waliwaambia wanaokwenda gulioni, kwa hiyo nyuma ya migomba yangu kulikuwa na watu wenye vikapu vya maharage, wenye kuku, wenye baiskeli za mikungu ya ndizi, wote walipitia kwangu kwanza kuona mchawi akinaswa. Wakaja mbio, wakasimama, wakaona wazee wawili.

"Mchawi ni yupi?" akauliza mama mmoja mwenye kikapu kichwani.

"Si huyo wa majivu!"

"Eee! Tazama na shati kaligeuza!"

"Na chumvi hiyo! Mshikeni, ni huyo huyo!"

Kijana mmoja mwenye mikono kama mipini ya jembe akanishika ukosi akaninyanyua nusu. Naning'inia uani kwangu, mbele ya nyumba yangu mwenyewe, nakamatwa kwa uchawi, nataka kusema "siyo mimi" na mdomo umejaa majivu. Gervasi akatokea mlangoni anapiga kelele, "Siye huyo! Mwachieni! Ni yule mwenye majani!"

Kijana akaniachia, nikarudi chini. Umati wote ukageuka kumtazama Nikodemu.

Mtu mmoja kwa nyuma, sikumwona uso, akapaza sauti: "Huyo si Mrundi huyo? Arudi kwao!"

"Arudi kwao!" wengine wakadakia.

Niliwaambia kicheko kitapungua. Mimi pale kwenye tope nilimwona Nikodemu akinitazama. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi, akingoja. Na nilichohisi, namwomba Mungu anisamehe, kilikuwa nafuu, kwamba sasa hawanitazami mimi. Sikusema neno.

Mtu mwingine akainama akaokota kipande cha tofali. Hapo Mama Mwenyekiti alikuwa amekwishafika, na blanketi lake.

"Wewe! Weka tofali chini! Hiki ni kitongoji, siyo machinjio! Weka chini nakwambia, nakujua, na mama yako namjua!" Tofali likawekwa. Akapiga chafya, akamgeukia Nikodemu. "Mzee Nikodemu, hebu niambie. Unafanya nini hapa alfajiri yote hii?"

"Namwagilia lipu," Nikodemu akasema.

"Unamwagilia?"

"Lipu mpya ikikauka haraka inapasuka. Fundi alimwambia Mama Yustina ipewe maji asubuhi kabla ya jua na jioni jua likishapoa. Mama Yustina alikuwa anasafiri, na mzee huyu goti linamsumbua, hawezi ndoo. Akaniomba mimi."

"Na majani?"

"Ukiimwagia kwa ndoo inachimbika, bado ni changa."

"Wanasema unanong'ona."

Nikodemu akainamisha kichwa, naye ndiye aliyekuwa anaona haya, si mimi. "Ni wimbo wa kanisani. Niliimba kwa chini nisimwamshe. Hata ule upande wa dirisha lake nimeuacha kwa sababu hiyo, na jioni naona haya kusogelea chumba cha mtu mwenyewe hayupo, nikisema ataniambia mwenyewe akiamka mapema. Sasa umepasuka."

Watu wote wakageuka kuangalia ukuta wa chumba changu, halafu pande zile tatu, halafu wakanigeukia mimi. Mama Mwenyekiti akasema, "Lete simu," akampigia mke wangu, akaweka sauti kubwa.

"Mama Yustina, habari za Muyama? Ulimwomba Mzee Nikodemu amwagilie nyumba?"

"Ndiyo, mimi. Kwani amechoka? Mwambie namshukuru sana, nikirudi namletea mchele. Baba Yustina sikumwambia, alisema hataki kusikia neno la fundi."

"Mume wako ametuita tuje tumkamate kwa uchawi."

Simu ikanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika, nikaomba iwe hivyo.

"Uchawi wa nini?" mke wangu akauliza.

"Wa maji."

"Yuko hapo?"

"Yupo hapa chini. Lakini mama, unasikika na watu wote."

"Vizuri. Laurenti." (Alikuwa hajaniita kwa jina tangu Yustina azaliwe.) "Laurenti, ulishindwa kufungua dirisha?"

Hapo ndipo watu walipocheka. Wakacheka mpaka yule mama akashusha kikapu chini, kuku akamponyoka mtu, mzee wa kanisa akajifunika uso na kofia mabega yakitikisika. "Ulishindwa kufungua dirisha!" wakarudia, na mpaka leo nikipita gulioni kuna vijana wananiuliza hivyo hivyo. Nilimtafuta Gervasi kwa macho. Alikuwa ameondoka na filimbi yake.

Mama Mwenyekiti akaniamuru nisimame niombe radhi. Nikasimama, tope mgongoni, majivu kidevuni, na kwa kuwa kiburi hakifi haraka, nikasema, "Basi, Nikodemu, tusameheane."

Akanitazama kwa utulivu. "Tusameheane nini? Mimi nilikosa nini?"

Akaokota ndoo yake, nikafikiri anakwenda kwake, kumbe anakwenda bombani. Akarudi nayo imejaa, akakusanya majani yake, akaendelea pale pale alipokuwa ameishia, fya, fya, mbele ya watu wote, akasema tu, "Nilimwahidi mama," na watu wakaacha kucheka, wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakijifanya wamechelewa gulioni. Mimi nilibaki nimesimama mpaka alipomaliza. Nilitaka nimpokee ndoo. Mikono haikwenda.

Mtadhani yaliishia hapo, kwamba mtu akishaonekana hana kosa basi hana kosa. Mimi pia nilidhani. Jumapili ile nilisimama kanisani nikaeleza kila kitu kwa kinywa changu, watu wakaitikia amina. Na kitongoji kizima kilikubali kuwa Nikodemu alikuwa anamwagilia lipu tu, kisha kikaanza kununua maziwa kwingine. Hakuna aliyesema sababu. Mmoja alisema maziwa siku hizi yanamsumbua tumbo, mwingine alisema watoto wamekua. Akina mama wakawa wanawavuta watoto upande wa pili wa njia, si kwa ubaya, kwa tahadhari tu. Lile neno nililolipeleka bandani kwa Gervasi lilikuwa limekwishatoka nje na halikuwa na haja yangu tena.

Nikawa naagiza maziwa mengi kwake, zaidi ya tunayoweza kunywa. Akawa ananiuzia, ananipimia vizuri, anasema "asante, mzee". Mama Yustina aliporudi alikwenda kwa akina Nikodemu kwanza kabla ya kuja kwangu, akakaa huko mchana wote, na aliporudi hakunigombeza, alinipakulia chakula kimya kimya, na ningependelea ugomvi.

Kiangazi hakijaisha, Nikodemu akauza ng'ombe, akauza na kiwanja, akahamia Gwarama kwa binti yake. Siku ya kupakia vitu nilikwenda kusaidia, nikabeba viti viwili mpaka kwenye gari, goti likanishinda. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenishukuru.

Nimeapa toka siku ile: nikiona jambo lisiloeleweka namuuliza mhusika, hata kama ni saa mbaya, hata kama jibu litanifanya mjinga. Kujua kuwa wewe ni mjinga mbele ya mtu mmoja dirishani ni jambo dogo sana. Na Gervasi siku hizi tunasalimiana tu.

Nilimfuata Nikodemu Gwarama mara moja. Nilipanda gari mpaka Kibondo, kutoka pale nikaungaunga kwa pikipiki, nikafika na jogoo mkononi. Akanipokea vizuri, akaniwekea kiti, binti yake akaniletea uji. Nikaomba msamaha safari hii kama unavyoombwa, bila "tusameheane". Akaniacha nimalize.

"Kuniita mchawi," akasema, "hilo lilipita. Watu huitana hivyo wakiogopa. Mimi nilikutazama waliposema nirudi kwetu. Nilikuwa nangoja wewe uwaambie kwetu ni wapi."

Nikasema, "Najua."

"Basi kama unajua."

Akanisindikiza mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka, tukapeana mikono. Sijaenda tena, naye hajanitumia salamu.

Huo ndio mkasa wangu, na wanaocheka sehemu ya tope sina kinyongo nao. Lakini nikiulizwa kukubali kwangu kule sokoni kulinigharimu nini, jibu ninalo. Mimi kulinigharimu rafiki pekee niliyezeeka naye, na Nikodemu kulimgharimu mifugo yake, wateja wake, na mahali pekee duniani alipokuwa amekwisha kuzoea kupaita kwao. Hakuna kati yetu aliyebakiwa na umri wa kuanza upya.